Zamu ya Mama Mbinya

Kalondu akikusalimu asubuhi, jua kuna mtu wa pili wa kusalimiwa mgongoni mwake. Huyo ni Mbinya, bintiye wa miaka saba, ambaye shingo yake haijawahi kukaza wala miguu kukanyaga chini. Ukimpita Mbinya bila salamu, mamake anasimama na kukungoja. Mimi nimengojwa hivyo mara nyingi, na nilistahili.

Hapa kwetu Mbooni midomo haina breki. Wengine walisema mtoto ni laana ya upande wa mama. Mumewe alisikiliza maneno hayo mwaka mzima, kisha akahamia Kwa Vonza na kuoa huko. Hata kanisani, mama mmoja alimshauri Kalondu amwache mtoto nyumbani, eti asisumbue ibada. Jumapili iliyofuata Kalondu alikaa benchi la mbele kabisa.

Sasa niseme langu. Mimi Kanini ndiye mwandishi wa mwethya wetu, kikundi cha akina mama tunaochimba matuta kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Huku kwenye miteremko, shamba lisilo na matuta mvua hulibeba likaishia mtoni. Sheria ni moja: usipochimba kwa wenzako, hakuna atakayechimba kwako.

Mwaka jana tulikaa bila Kalondu tukakubaliana aachwe apumzike, kwa sababu ya mtoto. Uamuzi huo tuliuita huruma. Ukweli ni kwamba wajawazito wawili hawakutaka kumwona Mbinya, wakiogopa watazaa mtoto kama yeye, na hakuna aliyewakanya, hata mimi. Nikafuta jina lake kwenye daftari, na zamu yake ikaenda nalo, wakati mvua ya Novemba ilikuwa imebakiza wiki tano na shamba lake halikuwa na tuta hata moja.

Jumatatu iliyofuata alikuja shambani hata hivyo, jembe begani, mtoto mgongoni. Alitandika gunia kivulini, akamlaza Mbinya, kisha akanijia.

“Mama Muthama,” aliniambia, akiniita kwa jina la mwanangu bila kuinua sauti, “nani aliwaambia nimechoka? Andika jina langu vile lilikuwa.”

Niliandika. Aibu niliyoona siku hiyo sijaisahau. Alichimba mashamba yote ya wenzake, akirusha udongo upande wa juu wa mtaro kama sisi, na kila mara akienda kumgeuza mtoto asiumie ubavu. Siku ya nne, mmoja wa wale wajawazito ndiye aliyemgeuza. Sisi tuliendelea kuchimba.

Zamu yake ilifika wiki moja kabla ya mvua, tukaenda sote. Kalondu alikuwa ndani ya mtaro hadi kiunoni Mbinya alipoanza kulia. Alitaka kutoka.

“Chimba, Mama Mbinya,” nikamwambia. “Huyu nitambeba mimi.”

Nilimfunga mgongoni kwa leso. Kumbe ni mzito hivyo! Kalondu aliegemea jembe, machozi yakamtoka, akasema “Ni muvea,” ndiyo asante yetu Wakamba, kisha akainama tena. Wenzangu wakaanzisha wimbo wa kuchimba, nami nikauitikia.

Mvua ilikuja na udongo ukakaa. Hadi leo Kalondu hunishukuru kila tukikutana, na mimi humwambia wa kushukuru ni mimi. Miaka sita niliishi ng’ambo ya njia kutoka kwao, na sikujua kwamba mtoto yule akiimbiwa hucheka.