Neno la Kumwachia Mbwa

Mimi ni mtoto wa mjini Kilindoni, na nakiri mapema kwamba mpaka naoa nilikuwa sijawahi kumshika mbwa. Kwetu mbwa ni wa kutazamwa kwa mbali. Akikugusa na pua yake mbichi ukiwa na nguo za kuswalia, unarudi nyumbani kubadilisha, huku mama anauliza ulikuwa unatafuta nini huko. Kazi yangu ni kutengeneza simu. Nina meza, nina feni, nina bisibisi nyembamba kama njiti ya kiberiti. Basi Mungu kwa hekima yake akanipa mke kutoka Bweni, kijiji cha wavuvi, naye ni binti wa msasi, mwindaji mwenye mbwa watatu.

Baba mkwe wangu ni mtu wa maneno machache na masharti mengi. Mbwa wake hawaingii uani. Wana banda lao nyuma ya minazi na vyombo vyao wenyewe, na wakimlowesha mtu kwa mate lazima aoshe mara saba, moja kwa udongo, ndipo mama mkwe amfungulie mlango. Mzee mwenyewe huzihesabu hizo saba kwa sauti, maana siku moja alishutumiwa kuwa ameishia sita. Ana karatasi ya ruhusa ya kuwinda kutoka kwa bwana nyama, ameikunja ndani ya kofia, na ukimwamkia vizuri anaweza hata kukuonyesha.

Mwaka juzi mke wangu alishika mimba ya kwanza, akaenda kwao kulelewa na mama yake. Huko akakataa samaki. Fikiria, mtu kazaliwa Bweni, hataki samaki! Alichotaka ni paa, yule mnyama mdogo wa vichakani mwenye miguu kama vijiti. Nilimpelekea nyama ya ng'ombe kutoka mjini, akaitazama kana kwamba nimemletea kandambili. Habari zikamfikia baba yake. Alikwenda bandani akawakagua mbwa kucha zao, mmoja mmoja, kisha akaniita.

"Mkwe, kesho utashika kamba ya jike."

"Mimi, baba?"

"Mtoto ni wa nani?"

Akanieleza kazi yenyewe. Anayemwachia mbwa ndiye anayetaja jina la Mungu. Paa akikamatwa mzima, atachinjwa kwa kisu na mambo yamekwisha. Lakini mbwa akimuua kabla hatujafika, uhalali wa nyama ile unatoka kwenye bismillahi iliyosemwa wakati kamba inaachiwa. "Neno moja tu," aliniambia. "Usije ukalimeza."

Nilichukia kidogo. Neno nisemalo kila nikitia tonge mdomoni, mtu ananifundisha kama mtoto wa chuo cha Kurani! Usiku ule nililala fofofo.

Asubuhi tuliingia vichakani watu watatu: baba mkwe, mdogo wake na mimi. Baba mdogo alizunguka upande wa pili kupiga makopo ili kumtoa mnyama. Wale mbwa wawili walikuwa kwa mzee. Jike, ambaye ndiye kiongozi, alikuwa kwangu, njuga zimemning'inia shingoni. Nilijizungushia kamba mkononi mara tatu ili asinitoroke. Hakuna aliyeniambia kuwa hivyo ndivyo watu wanavyovunjika mikono.

Kichaka kikatikisika. Sikumwona paa, niliona majani tu. Lakini jike alimwona. Aliondoka kabla sijaamua kumwachia, nami nikaondoka naye. Nilipita juu ya kisiki, nikapita ndani ya miba, kiatu kimoja kikabaki nyuma, na kamba ilipochomoka mkononi nilikuwa nimelala kifudifudi. Katika kulala kule kinywa changu kilitamka neno, kwa sauti ya kutosha kabisa.

"Mama weee!"

Tulipofika, paa alikuwa ameshakata roho. Jike alikuwa amekaa pembeni kwa adabu, hajaonja hata tone. Baba mkwe alichomoa kisu, akampapasa paa shingoni, akakirudisha kisu alani. Akanitazama, miba yote ikiwa bado usoni mwangu.

"Ulitaja?"

"Nilitaja, baba."

Uongo ule ulitoka laini kabisa, kuliko ambavyo bismillahi yenyewe ingetoka. Mzee akaitika kwa kichwa, akambeba paa begani, na njia nzima akamsifia jike wake. Mimi nilichechemea nyuma na kiatu kimoja, nikijiambia kwamba nitasema tukifika kwenye minazi. Tukafika kwenye minazi. Nitasema tukishaoga. Tukaoga. Mama mkwe akapaosha mahali paa alipoumwa na jike, maji mara sita na udongo mara moja, kwa uangalifu ulionichoma moyo. Alikuwa anatwaharisha kitu ambacho, kwa jinsi nilivyoelewa mimi, kisingetwaharika hata kwa maji ya bahari nzima.

Mchana tukakaa mkekani. Sinia la wali likaja, na paa ametiwa tui zito. Pale mlangoni, katikati ya wanaume na jiko, alikaa mama yake baba mkwe na kibakuli chake. Bibi huyu amesomesha wasichana Kurani tangu mama mkwe ni mwali, na mimi ananiita mume wake.

"Mume wangu leo kaleta kitoweo," alisema. "Nilidhani mtu wa Kilindoni anaweza kuwinda chaji tu."

Wakacheka. Nami nikacheka, kicheko kikavu. Halafu mke wangu akatokea jikoni na sahani ndogo. Alikuwa amewekewa maini. Alikuwa anatabasamu kama hajatabasamu mwezi mzima, mkono mmoja chini ya tumbo, na kidole kimeshaingia kwenye mchuzi.

"Usile!" nilisema.

Bibi alisimamisha tonge hewani. "Kuna mfupa?"

"Sikutaja," nikasema. "Bismillahi. Sikuisema."

"Ulisema nini?" aliuliza baba mkwe. Hakupandisha sauti.

"Nilisema mama wee."

Baba mdogo alipaliwa, akageukia ukutani, na mabega yake yakawa yanatetemeka. Bibi alilitazama tonge lake, akanitazama mimi.

"Kumbe paa huyu kakamatwa kwa jina la mama yako," alisema. Kisha akalitia tonge mdomoni, akatafuna taratibu sote tukimsubiri. "Aliyesahau kasamehewa, ndivyo tulivyosomeshwa na ndivyo ninavyosomesha. Nyama halali. Mjukuu wangu, kula maini yako."

Mke wangu akala, Mungu amzidishie, bila hata kunitazama. Nilifikiri yamekwisha. Lakini baba mkwe alikuwa ananawa mkono, na wali wa upande wake haujaguswa.

"Nyama halali," alisema. "Kibudu ni lile jibu lako la kule porini."

Akaenda kuwapelekea mbwa maji. Nimekosolewa na wengi katika maisha yangu, nimetukanwa na wateja ambao simu zao zilitumbukia chooni, lakini hakuna kilichoniingia kama kile. Niliona haya mbele ya mke wangu, mbele ya mkwe, mbele hata ya yule jike aliyekaa na njaa yake bila kuonja. Kusahau nilisamehewa mkekani pale pale. Uongo ulibaki kwangu.

Mwaka mzima sikupewa kamba. Mtoto akazaliwa, wa kike, na baba mkwe akambeba kwa mapenzi yote, mimi akaniitikia marahaba na kuendelea na shughuli zake. Bibi alinihurumia kwa namna yake. Kila nikifika, mbele za watu, aliniuliza, "Mume wangu, yule mama yako wa porini hajambo?"

Mwaka huu, mtoto alipoanza kusimama dede, mzee alitoka bandani akanirushia kamba bila maelezo. Siku ya kwanza niliisema bismillahi kwa sauti ya mwadhini. Paa aliyekuwa amelala zake akaamka akaondoka kabla mbwa hawajageuza shingo, na mchana tukala kisamvu. Bibi aliuliza kama nacho kimechumwa kwa bismillahi.

Safari ya pili nilimwachia jike kwa neno la kawaida, sauti ya mtu anayeanza kula. Baba mkwe alikuwa mbali, ng'ambo ya kichaka, na hakuweza kunisikia. Tulipofika, paa alikuwa ameshakufa. Mzee alichomoa kisu, akampapasa shingoni, akakirudisha. Akaniangalia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kujibu.

Hakuniuliza.

"Mbebe," alisema, akatangulia.