Makofi ya Shangazi

Baba mdogo aliponiambia kwamba nitasoma wasifu wa shangazi kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu afariki, nilidhani ananitania. Ananijua. Darasani jibu ninalo, sauti ndiyo haitoki. Kidato cha pili nilisimamishwa kwenye mdahalo, nikatazama viatu vyangu, nikakaa.

"Wewe ndiye uliyekaa naye," alisema. "Kila likizo ulikuwa Mwazye, Mwazye. Sasa soma."

"Sauti yangu haifiki, baba mdogo."

"Itafika. Wanaokuja ni watu wake, siyo wakaguzi."

Shangazi, dada yake baba, alikuwa nesi wa zahanati ya kijiji cha Mwazye. Sisi tunakaa Milanzi, mjini, lakini shule ikifungwa mwezi wa sita nilipanda gari kwenda kwake, na nikifika ananivalisha sweta yake hata kabla hajaniuliza habari za nyumbani. Baridi ya kule mwezi huo inauma mpaka kwenye meno. Asubuhi tulikunywa uji wa ulezi tumesimama karibu na jiko, kisha yeye anavaa gauni lake jeupe juu ya sweta mbili, tunaondoka. Mimi nilipanga kadi za kliniki za watoto, kazi niliyoipenda kwa sababu kadi haziongei.

Kitu nilichokishangaa ni salamu zake. Wafipa tunasalimia kwa kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu, hilo kila mtu analijua. Ila shangazi alizidisha. Akiingia mama mjamzito, anachuchumaa, anapiga makofi. Akiingia bibi wa kupima presha, anapiga marefu zaidi. Na kwa kuwa huwezi kunyamazisha mikono yako wakati nesi bado anakusalimia, bibi naye anajibu, magoti yanatetemeka.

Nje foleni inalalamika. "Nesi, leo tutalala hapa?"

"Tulieni. Naamkia watu wazima," anajibu kutoka ndani.

Siku moja tukiwa tunachambua maharage nilimuuliza, "Shangazi, mbona hata wasichana wadogo unawasalimia kama machifu?"

Akacheka mpaka maharage yakamwagika. Akanishika shavu kwa kiganja. Niliruka! Kilikuwa kama kimetoka kisimani.

"Umeona? Nikimgusa mama tumboni na mkono huu, mtoto si atahama? Na nikikaa nasugua mikono mbele yake, atasema nesi ananionea kinyaa. Nikipiga makofi, nimemsalimia na mkono umepata moto."

"Kwa hiyo unawadanganya."

"Nani kasema? Salamu ni ya kweli. Makofi ya mwanzo ni yao. Yale ya mwisho mwisho ndiyo yangu." Kisha akaninyooshea kidole. "Usiwaambie mpaka nistaafu. Siku hiyo nitawaambia mwenyewe, wanicheke vizuri."

Hakufika kustaafu. Presha aliyowapimia watu miaka yote ndiyo iliyomchukua.

Jumamosi iliyopita, baada ya misa, tulikaa chini ya turubai nyumbani kwake. Baba mdogo akanikabidhi karatasi mbili alizochapisha: kuzaliwa, shule, chuo cha uuguzi, vituo vya kazi. Nilisimama. Nikasoma mstari wa kwanza. Wa pili ukakwama. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na nikasikia mtu anakohoa kwa kunionea huruma.

Sikupanga nilichofanya. Niliweka karatasi kwenye kiti, nikachuchumaa, nikapiga makofi.

Kina mama wote waliokuwa pale wakajibu. Sikuacha, nao hawakuacha. Vidole vikaanza kupata joto, na nilipoona nimepata pumzi nikasimama, nikachukua karatasi, nikasoma mpaka mwisho. Sauti haikuwa kubwa. Lakini waliokaa nyuma kabisa walikuwa wanaitikia kwa vichwa mahali panapostahili, kwa hiyo ilifika.

Halafu nikasema kile ambacho hakikuandikwa. Niliwaambia kuhusu mikono ya baridi, makofi yao na makofi yake. Baba mdogo alinitazama kama nimevunja sahani ya wageni.

"Ala!" Bibi mmoja mbele, yule wa presha, akashika kiuno. "Na magoti yangu yote yale! Nilijua ananiheshimu!"

"Alikuheshimu, bibi," jirani yake akamjibu. "Ila alikuwa anasikia baridi."

"Basi angenipa kiti!"

Watu wakacheka. Mmoja akasema ndiyo maana mwanawe hakulia alipochomwa sindano, mwingine akaanza kumwigiza shangazi anavyochuchumaa na gauni na sweta zake mbili. Baba mdogo alicheka akifuta macho kwa tai. Nilikaa chini nikiwa nimefurahi, na sikutazama viatu. Walimcheka vizuri, kama alivyotaka.

Tulipokuwa tunaagana yule bibi alinifuata. Akachuchumaa mbele yangu, bibi mzima, akaanza kupiga makofi. Nami nikashuka haraka nikajibu. Akaendelea. Nikaendelea. Nilipomtazama usoni nikaona anabana kicheko, na mikono yake ilikuwa imeshapata moto zamani.

Hakuwa na haraka hata kidogo. Nilimjibu mpaka magoti yakaniuma.