Mlima Nilioweka Juu ya Karatasi

Fundi akipasua mfuko wa simenti karibu nami, ile harufu ya karatasi na vumbi hunirudisha Kasese, na roho huniuma upya. Mafuriko yalibeba nyumba yangu, nikanusurika, nikasahau. Hili sijasahau, na wenye makosa nawataja: Mwalimu Mbusa, na Biira, binti wa mke mdogo wa baba.

Baba alitutoa kijijini kwetu Karambi sote wawili, akatupeleka kwa shangazi huko Nyamwamba, mjini Kasese. Shangazi angeweza kukaa na mtoto mmoja tu, amsomeshe. Mwingine angerudi kulima. Mwalimu Mbusa, jirani yake, akasema atatupima. Akatukatia karatasi za mfuko wa simenti, akatufundisha: hesabu hatua, hatua kumi ziwe upana wa kidole, kila kitu kipe alama yake. Tuchore kutoka hapo mpaka sokoni.

Jamani, nilichora! Hata daraja nilirudi kulipima, huku Biira ameketi kivulini anasuka majani. Mlima nikauweka juu. Kwetu Karambi, upande wa Bwera, nani asiyejua? Juu ni mlimani, chini ni ziwani. Wewe ungeuweka wapi?

Mwalimu aliitazama karatasi yangu, akacheka mpaka akakohoa. "We Masika, huko kwenu jua linatokea miguuni?"

"Mulima iko juu, mwalimu," nikamjibu. "Nani aliilaza kando?"

Watoto wa jirani wakaangua kicheko. Biira alikuwa ameulaza mlima kushoto, upande wa magharibi, maana ukiwa Kasese mlima uko jua linakotua. Daraja lake lilikuwa mbali na mto, lakini nani alijali? Akabaki yeye. Mimi nikarudi kwenye jembe.

Siku hizi Biira ni mpimaji, anashuka kwenye gari na viatu visivyojua matope. Mwaka jana alipokuja kupima shamba la baba, nikamkumbusha.

"Ramani yako ilishinda yangu, dada," akasema, macho kwenye simu. "Ilikosa mshale tu, wa kuonyesha kaskazini iko wapi. Ukiweka mshale, mlima unakaa popote."

"Ulijua siku ile?"

"Shangazi alinidokeza asubuhi kwamba juu ya karatasi hukaa kaskazini." Akautoa utepe wa kupimia. "Nafasi ilikuwa moja, dada."

Miaka yote hiyo nilijihesabu mjinga wa milimani. Kumbe mimi nilikuwa nashindana na karatasi. Yeye alikuwa anashindana na mimi. Akanipa ncha ya utepe niishike, akaondoka na ile nyingine. Nikashika.