Sista Kidole Aoshwa Miguu

Shangazi yangu aliuguza watu miaka thelathini na minne, na wodini walimwita Sista Kidole. Kila asubuhi alipitisha kidole kwenye vyuma vya vitanda, na kikitoka na vumbi, ole wako. Alipostaafu hakuacha. Ukimkaribisha chai, kabla hajakaa kidole kimeshapita juu ya friji. Mimi mtoto wa kaka yake nimekulia chini ya kidole hicho, ndiyo maana nyumba yangu inang'aa na mimi sina raha.

Huyo kaka yake, yaani baba yangu, alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita, upande mzima wa kulia ukagoma. Shangazi akafungasha sanduku, akahamia kwetu, akaingia zamu. Alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Ukimwambia apumzike anakujibu, "Ng'ombe haelemewi na nunduye." Sawa, lakini ng'ombe mwenyewe ana miaka sitini na tisa. Mwezi uliopita alikuwa anamwinua baba, mgongo ukakataa, wakaanguka wote wawili. Niliwakuta sakafuni wanacheka. Ila shangazi hakuweza kusimama mpaka nilipomwinua.

Nikasema tutafute makao ya wazee. Weee, nilijuta kuzaliwa.

"Kaka yangu hawezi kulelewa na watu wa mshahara," alisema.

"Kwani wewe wodini ulikuwa unalipwa nini, shangazi?"

Siku mbili kidole chake kilipita kila pembe ya nyumba yangu. Siku ya tatu akasema haya, twende tukakague. Nikajua hapo anakwenda kutafuta kosa ili abaki na kaka yake, na shangazi akitafuta kosa hulipata.

Pa kwanza palimrahisishia kazi. Ilikuwa saa tano asubuhi, na daftari la kugeuza wagonjwa lilikuwa limeshajazwa mpaka saa kumi jioni. "Hawa wana bidii," alisema shangazi, "mpaka kazi ya jioni wameshaimaliza." Njia nzima ya kurudi alikuwa anaimba.

Pa pili palikuwa nyumba ya vyumba vinane, nyuma ya duka la rangi. Msimamizi, mama mmoja mpole, alitaka kutuonyesha vibali ukutani. Shangazi akampita kama hamwoni. Akanusa korido. Akasoma daftari, mistari ikaishia pale saa ilipofikia. Akaangalia kama glasi za maji zimewekwa karibu na mkono wa mgonjwa. Kulikuwa na mzee mmoja anasikiliza mpira redioni. Shangazi akamvua soksi akakagua visigino, maana vidonda vya kulala havichelewi kuanzia hapo.

"Mama, umepoteza nini huko?" mzee akauliza.

"Natafuta makosa."

"Ukiyapata niite. Mimi nina mwaka wa pili nayatafuta."

Shangazi akanuna kabisa. Akasema kitanda hakipimwi kwa macho, akaingia chumba kilichokuwa wazi, akavua viatu, akajilaza. Mimi nikaitwa ofisini kujibu maswali kuhusu baba: anapenda kulalia upande gani, anapenda kuitwa nani, kitu gani kinamkasirisha. Hilo la mwisho peke yake lilichukua nusu saa.

Niliporudi nilisimama mlangoni. Shangazi alikuwa amepitiwa na usingizi, na mhudumu wa mchana, aliyeingia kazini wakati ule, alikuta bibi kitandani akadhani ni mgeni wao mpya. Hakumwamsha. Alimfunika, akamwekea mto chini ya miguu, akaleta beseni la maji ya moto, na sasa alikuwa anamwosha nyayo taratibu. Shangazi alikuwa ameshaamka. Alitazama dari, na machozi yanamtiririka kuelekea masikioni. Sikuwahi kumwona analia, hata msibani.

"Dada," nikamwambia mhudumu, "huyu si mgonjwa."

"Nimeshajua," alisema bila kuinua kichwa. "Wazee wetu hawana visigino vyenye nyufa hivi. Lakini mguu mmoja nimeshauosha, huu wa pili niuache?"

Tulipofika mbele ya duka la rangi shangazi akasimama. "Sijapata kosa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari mbaya. Nilicheka, kisha nikaona aibu.

Nyumbani alizunguka jikoni muda mrefu, akasugua sufuria zilizokuwa safi. Mwishowe akapiga moyo konde, akaingia kwa baba, akasimama kando ya kitanda kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Kaka, mimi nimeshindwa. Mgongo hautaki tena. Kuna mahali nimepakagua, wanaijua kazi yao."

Tangu kiharusi baba huongea polepole, maneno yanatoka moja moja. Shangazi alingoja huku ameshika ukingo wa kitanda. Nilijua anasubiri kulaumiwa.

"Utakuja?" baba akauliza.

"Kila siku."

"Kufanya nini?"

Shangazi akafikiri. "Sijui. Kukaa tu."

"Basi nipeleke," alisema baba. "Miaka mitatu nina nesi. Dada yangu nimemkumbuka."

Shangazi akakaa palepale kitandani, jambo ambalo wodini angemfukuzia mtu. Hawakumaliza dakika tano wakawa wanabishana nani kati yao alivunja kioo cha mama yao wakiwa wadogo, nami nikaenda kumpigia simu msimamizi.