Mwami Niliyempoteza Nakivale

Jumamosi asubuhi niliondoka Mbarara kwa sababu Amani, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuwa amekataliwa kufunga ndoa. Padri Anselmi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mtu anayependa nasaba za watu kuliko chakula chake, aligundua kwamba Amani na mchumba wake Nsimire ni uzao wa mwami mmoja, mtawala wa zamani kule kwetu Kivu Kusini. Jamaa wakanituma mimi, mwalimu na msomi wao, nikamwombe padri alegeze. Hawakujua kwamba msomi mwenyewe alikuwa amempenda yule mwami. Tangu nipate habari zake nilikuwa natembea polepole na kungoja watu wanisalimu kwanza.

Kabingo nilipanda bodaboda. Dereva, Mnyankore, alicheka aliposikia ninakokwenda.

"Kwa padri? Ssebo, ile mzee ilisema mimi na nyinyi Wakongo ni ndugu. Mimi nilikataa. Ndugu hapana lipa boda."

Mchana nilifika. Padri alianza na babu wa nane kabla sijapewa maji. Amani na Nsimire walikaa ncha mbili za benchi, kama walivyoamriwa. Mlangoni Koko Faida, bibi yake Nsimire, alikuwa anasinzia.

"Undugu wenyewe ni wa mbali, Padri," nikajaribu.

"Mbali wapi? Marehemu kaka yako aliniambia kwa kinywa chake: mume wa Koko Faida alikuwa mtoto wa baba yake mdogo. Au unamkana mwami?"

Amani alinitazama. Nilitazama viatu vyangu.

"Baba Padri," Koko Faida akasema, macho yamefumbwa bado, "ule mwami ni wetu sisi. Si wa bale ba kwa mwalimu. Siku tulifika hapa, bakubwa ba kambi bakasema ndugu batapewa mashamba pembeni kwa pembeni. Tulikuwa tumetembea njia moja, tumekula chungu moja. Kaka ya huyu mwalimu akasema tuko ndugu. Nani angekataa?"

"Mbona hukuniambia?" Padri akamwuliza.

"Uliniuliza mbele ya batu. Na ulikuwa unafurahi mingi."

Padri alishika tama kama aliyefiwa. Kisha akanigeukia. "Basi wewe umebaki na babu watatu."

"Na huyo wa tatu?"

"Alichunga mbuzi wa watu."

Jumapili alitangaza ndoa ya Amani na Nsimire. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba wote ambao undugu wao ulianzia kwenye kugawiwa mashamba wamwone faraghani. Baada ya misa, foleni ilifika barabarani.

Wakati wa kuondoka nilikuwa nimejifunza kuishi na mbuzi. Koko Faida akanishika mkono.

"Usilie, mwalimu. Batoto bakifunga ndoa, mwami atakuwa mukwe wako."

Niliposhuka Mbarara nilikuwa natembea polepole tena.