Kufuli la Stoo ya Kahawa

Siku ile nikiikumbuka, mwanangu, mpaka leo natazama chini. Wakwe zangu walikuwa wanakuja Igamba kutoka Tunduma kuleta posa. Nyumba ilifagiliwa tangu alfajiri, kuku wakachinjwa, na mimi nikawa na hofu moja tu: Ezekia.

Ezekia alikuwa mtoto wa dada yangu Rehema. Alikuwa amefika umri wa kukimbia, lakini shingo yake ilikuwa haijakaza, hakuweza kuketi wala kusema, na kumlisha bakuli la uji kulichukua asubuhi nzima, maana chakula kilimpalia. Baba yake alikwisha kuondoka. Niliogopa wageni wangesema ukoo wetu una laana. Nikamwomba dada akae na mtoto kwenye stoo ya kahawa mpaka wageni waondoke. Hakubisha. Nami, kwa mkono wangu huu, nikafunga kufuli.

Wageni wakafika, kina mama wakaanza kuimba. Sasa Ezekia alipenda nyimbo kuliko chakula. Akapiga ukelele wa furaha kule stoo, ukasikika uani kote. Nyimbo zikakatika. Mama mkwe akaniuliza, "Ni nini hicho?"

Nikajibu, "Ni mbuzi, mama."

Ukuta wa stoo ulikuwa wa mbao, mwanangu. Dada yangu alisikia.

Mama mkwe akageukia stoo. "Mbuzi wa kwenu hufurahia nyimbo? Nifungulie." Nilifungua. Alimkuta Rehema juu ya magunia, mtoto kifuani, machozi yanamtoka bila sauti. Yule mama hakushangaa wala hakusema pole. Aliketi kwenye gunia, akanyoosha mikono.

"Mwanangu, mimi ni mgeni. Nionyeshe namna ya kumshika."

"Kichwa kwanza, mama," dada akasema. "Kiegemee mkono wako."

Alitoka naye uani, akamlisha huku dada akimwelekeza, na hakuna aliyegusa ugali mpaka Ezekia aliposhiba. Kisha akaniambia, mbele ya baba yangu, "Binti, ulidhani tungeondoka kwa ajili ya mtoto? Nilichotaka kukikimbia ni lile kufuli." Baba akainamisha kichwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Waliniposa hata hivyo, lakini furaha ya posa sikuionja. Kesho yake nilimfuata dada kisimani, nikapiga magoti.

"Nimekusamehe," akasema, akiendelea kufua. "Ila msamaha haunipumzishi. Siku ya mnada baki naye, na mimi nitoke niende sokoni."

Nilibaki naye. Uji ulimpalia, nikapiga yowe, jirani akaja tukamwinamisha pamoja mpaka akapumua. Hapo ndipo nilipojua dada yangu alikuwa akiishi na hofu ile kila siku, peke yake, mimi nikilala chumba cha pili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nimeuona mwepesi miaka yote. Dada alirudi kutoka mnadani jioni, amesuka nywele. Sikuwa nimemwona amesuka tangu ajifungue.

Baadaye kina mama wa kanisani walipokezana kumbeba Ezekia, wengine wakamsindikiza kliniki kwenye mazoezi ya viungo, na fundi seremala akamtengenezea kiti cha kumshika mgongo. Yote hayo yangeweza kuanza mapema, kama tungeacha kuona haya.

Basi nakuusia, mwanangu. Mtoto wa namna hii akizaliwa kwenu au kwa jirani, usipeleke pole na sukari ukaondoka. Mwulize mama yake namna ya kumbeba, namna ya kumlisha, kisha umbebe, mama apate kulala. Mtafutieni kliniki na shule mkiwa wengi, maana mlango unaomkatalia mmoja huwafungukia kumi. Na usimwonee haya mtu wa damu yako; haya hiyo itakurudia wewe, na haizeeki.

Mungu akupe mikono isiyochagua wa kumpokea, na nyumba ambayo hakuna anayefichwa ndani yake.