Maziwa ya Moshi

Mama yangu hasikii ladha tena. Juzi nilimpelekea maharagwe niliyoyakaanga vizuri na nyanya na dania, akatafuna, akatafuna, mwishowe akaweka kijiko chini. "Ni kama natafuna gazeti," akasema. Tangu alipougua ulimi wake umekufa ganzi, na daktari anasema tungoje. Tungoje nini, hasemi.

Kisha akanigeukia. "Wewe si ndiye unaandikanga vitabu? Hebu niambie ile maziwa ya mama jirani ilikuwa aje. Niambie mpaka niisikie mdomoni."

Ombi dogo hivyo, rafiki yangu, na mimi nikakwama.

Kama uliijua Kitengela ya miaka ya tisini, unakumbuka ilivyokuwa: nyasi, upepo na vumbi la mawe. Baba alichonga mawe kwenye timbo. Tulikuwa tumehama kutoka Ukambani, tukapanga nyumba ya mabati, na ng'ambo ya seng'enge aliishi mama mmoja Mmaasai na ng'ombe zake. Akipita asubuhi anaita, "Takwenya!" na mama yangu, ambaye Kimaasai chake chote kiliishia hapo, anajibu "Iko!" kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Sisi watoto tunamkimbilia na kuinamisha vichwa atuguse utosini, ndiyo salamu yao kwa watoto.

Mara kwa mara alituletea kibuyu cha maziwa yaliyoganda. Nilimwona akikitayarisha. Alichukua kijiti cha oloirien, ule mzeituni wa porini, akakichoma, akakiingiza kwenye kibuyu kikiwa bado chekundu na kusugua ndani kote, akakung'uta majivu, ndipo akamimina maziwa. Mama naye alitukalisha chini, sisi watatu, akatugawia vikombe mpaka tone la mwisho, halafu akaendelea na chai yake ya rangi.

Sasa, kwetu chombo cha mtu hakirudi kichafu, wala hakirudi kitupu. Siku moja mama alichungulia ndani ya kibuyu akaona kumekuwa kweusi tititi. Maskini, akasema, huyu mama hana hata mtoto wa kumsaidia kuosha vyombo! Akatia maji moto, sabuni na kokoto, akatikisa mpaka jasho likamtoka. Akasuuza, akaanika, akakijaza ndengu, akakirudisha kwa furaha kabisa.

Mama jirani alimwaga ndengu kwenye karai, akanusa mdomo wa kibuyu. Akanusa tena.

"Woi, mama watoto! Umeosha moshi yote!"

"Nilifikiri ni uchafu," mama akasema, na aibu aliyoiona siku hiyo, wacha tu. Mwenzake alicheka mpaka akakaa chini. Lakini tulikaa muda mrefu bila maziwa, kibuyu kikichomwa na kuchomwa upya mpaka kikakubali.

Shuleni, mwalimu wetu wa insha alilichukia neno "tamu." Ukiliandika, anapitisha kalamu nyekundu. "Tamu ni uvivu," alikuwa akisema. "Nionjeshe!" Basi nikamwandikia maziwa yale, na akaisoma insha yangu mbele ya darasa zima. Nadhani ndiyo siku niliyoanza kujiona mwandishi.

Kwa hiyo juzi niliketi kando ya kitanda cha mama nikajaribu. Kwanza uchachu, nikasema, unakubana chini ya masikio mpaka jicho moja linafumba. Halafu mafuta, mazito, yanakaa juu ya ulimi na hayataki kushuka. Vipande vilivyoganda vinateleza, chembe za mkaa zinakwaruza meno. Ukishameza ndipo moshi unapanda puani, una uchungu kidogo, na unabaki huko hadi jioni. Mama alisikiliza amefumba macho, akimumunya midomo. Nikajiona stadi kweli.

"Uchachu kama maziwa mala ya duka?"

"Hapana. Hiyo ni kali tu."

"Sasa kama nini?"

Nikatafuta. Sikupata. Nikakasirika, si na yeye, na mimi mwenyewe. "Mama, kwani wewe huikumbuki?"

Akafungua macho. "Nitaikumbuka aje? Nyinyi mlikuwa watatu na kibuyu kilikuwa kidogo. Mimi sikuwahi kuionja."

Mama jirani aliuza kipande chake cha ardhi zamani, akasogea na ng'ombe zake kupita Kisaju, na hatukusikia habari zake tena. Pale boma lilipokuwa pana gorofa za kupangisha, na sijaona oloirien hata mmoja uliosimama. Ningeweza kumtafuta mtu huko ndani ndani Kajiado anayechoma kibuyu mpaka leo. Ningempata, ningeyabeba maziwa mpaka kitandani, na mama angeyanywa kama maji.

"Endelea," akaniambia, akafumba macho tena. "Hapo kwa moshi. Uko aje?"

Nikafungua mdomo. Nakuambia ukweli, nilianza tena na kile kijiti, kikiwa bado chekundu.